Mti wa shea: mali ya nyika isiyorudi ikipotea

Askari aliyewahi kupiga doria katika nyika za Uganda ya kaskazini bila shaka amepata kupumzika chini ya mti wa shea. Gome lake ni nene, limepasuka vipande vipande mithili ya ngozi ya mamba. Majani yake marefu hukusanyika kwenye ncha za matawi, na ukiyachuma hutoka utomvu mweupe. Wakati wa kiangazi, majani yapukutikapo, huchanua mashada ya maua meupe yenye harufu nzuri, na nyuki huyaendea kwa wingi.

Mti huu ni wa asili katika mapori makavu, tangu Senegal hadi Uganda na Ethiopia. Mafuta ya aina yetu ya mashariki ni laini kuliko yale ya Afrika Magharibi. Waacholi huyaita moo yaa. Akina mama huokota matunda yaliyoanguka. Nyama yake huliwa. Kokwa hukaushwa, hupondwa, kisha huchemshwa mpaka mafuta yaelee juu. Mafuta hayo huungia chakula na hupakwa mwilini, na yakiuzwa huleta fedha nyumbani.

Lakini mti huu hauna haraka. Kokwa yake haikawii kupoteza uhai, na mche hungoja miaka 15 hadi 20 kabla ya kuzaa. Ukishakomaa hustahimili moto wa nyika, na waweza kuishi zaidi ya miaka 200. Walakini gome lishindalo moto halishindi shoka. Wachoma makaa huupenda kwa ugumu wa ubao wake. Basi mti uliolisha vizazi vitatu huteketea tanurini kwa siku chache.

Mwezi wa Mei 2023 Rais Yoweri Museveni alitoa amri ya kupiga marufuku uchomaji wa makaa ya biashara katika eneo la Acholi. Hata hivyo, amri iliyoandikwa karatasini haina macho. Macho yake ni askari asimamaye usiku kwenye kizuizi cha barabara, lori lililofunikwa turubai likimkaribia. Akilifungua turubai, amri ina nguvu. Akigeuza uso, haina.

Ndugu askari, mwizi wa ng'ombe akikamatwa, ng'ombe hurudishwa zizini. Mti wa shea ukishageuka makaa, hakuna awezaye kuurudisha kwa yule mama aliyekuwa akiokota matunda chini yake.