Chanjo, Amri za Serkali na Zamiri ya Mkristu

Siku moja ya Posho, baada ya mafundisho, katekista mmoja alibaki nyuma akatuuliza: « Padri, wakristu wa jumuiya yetu wanabishana juu ya chanjo. Wengine wanasema kuikubali ni zambi, wengine wanasema kuikataa ndiyo zambi. Niwaambie nini? » Tulikuwa na safari, tukamjibu haraka haraka, na jibu letu halikuwa jibu: tulimwambia awaombee. Akashukuru kwa heshima, akaenda zake. Swali lake limekaa nasi tangu siku ile. Makala haya ni deni tunalomlipa, na labda wengine kati yenu, ndugu mapadri na masemina, wana deni kama hilo.

Tutazame kwanza mambo yalivyokuwa. Mgonjwa wa kwanza wa Korona katika nchi yetu alijulikana Kinshasa tarehe 10 Machi 2020. Siku nane baadaye Prezidenti Tshisekedi alikataza mikutano ya watu wengi, akafunga masomo na makanisa. Na tarehe 24 Machi akatangaza hali ya hatari. Mwisho wa mwezi ule ule, Bukavu nayo ikasikia kwamba imepata wagonjwa wake. Paska ya mwaka ule, tarehe 12 Aprili, tulisoma Misa bila watu. Makanisa hayakufunguliwa tena mpaka tarehe 15 Agosti.

Amri zilisema: kaeni nyumbani, naweni mikono, msikaribiane. Lakini tuseme wazi, amri hizi zilikutana na Kadutu. Nyumba ya vyumba viwili yenye watu kumi, ukuta wake unagusa ukuta wa jirani, na maji yanapatikana usiku wa manane ao hayapatikani kabisa: ndani ya nyumba kama hiyo nani atakaa mbali na nani? Mama anayeuza nyanya sokoni anapata asubuhi bugali ya jioni. Akikaa nyumbani siku tatu, watoto wanalala njaa siku mbili. Tena Rwanda ilifunga mipaka yake mwezi wa Machi 2020, na mipaka ya nchi kavu haikufunguliwa kwa watu wote mpaka tarehe 7 Machi 2022. Magari ya mizigo yaliendelea kupita, lakini wale mama waliozoea kuvuka daraja la Ruzizi kila siku na beseni kichwani walipoteza kazi yao. Wengi wao hawakurudishiwa mtaji na mtu yeyote.

Na matanga! Kwetu maiti haiendi kaburini na watu wachache wanaohesabiwa na polisi. Kumzika mzazi bila ndugu, bila kilio, bila watu kulala pamoja na wafiwa, ni jeraha ambalo wanganga hawakuliandika katika hesabu zao. Tunazani hasira nyingi za siku zile zilitoka hapa kuliko penginepo.

Hesabu zenyewe nazo zilileta mashaka. Kwa hesabu za serkali, Korona iliua katika Kongo nzima watu karibu 1500 tu. Ni kweli, vipimo vilikuwa haba, na wengi walikufa bila kupimwa. Lakini surua, katika miaka ya 2019 na 2020, iliua watu zaidi ya 6000, na wengi wao walikuwa watoto chini ya miaka mitano. Kwa surua hakuna aliyefunga mpaka wala kanisa. Basi watu waliposema: « Huu ni ugonjwa wa wazungu na wakubwa, wanauogopa sababu unawaua wao », walikosea, lakini hawakusema maneno ya wapumbavu.

Wakubwa wa elimu nao waliona mambo hayaendi. Munganga Denis Mukwege wa lopitali ya Panzi, aliyepewa tuzo la Nobel la amani mwaka 2018, alikuwa makamu wa komisyo iliyopigana na Korona katika Kivu ya Kusini. Tarehe 10 Juni 2020 alijiuzulu. Alitaja kwamba majibu ya vipimo vilivyotumwa Kinshasa yalichelewa zaidi ya majuma mawili, kwamba matayarisho yalikuwa zaifu, na kwamba watu walikuwa wamelegea katika kushika amri. Akarudi kwa wagonjwa wake. Ikiwa mtu kama huyu alichoka, tusimshangae motari wa Panzi aliyechoka pia.

Sasa tuje kwenye chanjo. Hapa hofu ilizaliwa mapema kuliko dawa yenyewe. Tarehe 1 Aprili 2020 wenye elimu wawili wa Ufaransa walizungumza katika televizyo juu ya kufanya majaribio katika Afrika. Siku mbili tu baadaye, Profesa Muyembe, aliyeongoza vita vya Korona katika nchi yetu, alisema Kongo iko tayari kupokea majaribio ya chanjo. Watu walikasirika sana. Akaeleza kisha kwamba hakuna chanjo itakayojaribiwa Kongo kabla ya kujaribiwa kwanza kule inakotengenezwa. Lakini neno la kwanza lilikuwa limekwisha kupanda milima yote, na neno la pili lilibaki bondeni.

Tusizarau hofu hii. Afrika ina kumbukumbu. Mwaka 1954, huko Yokadouma katika Kameruni, sindano ya Lomidine iliyopaswa kukinga watu na ugonjwa wa usingizi iliharibika, ikaozesha mwili wa mamia ya watu, na zaidi ya 20 wakafa. Hawakuwa wameulizwa kama wanataka. Mzee anayeogopa sindano ya bure inayotoka mbali anaweza kuwa na sababu ambayo hakuisoma katika kitabu.

Chanjo za kwanza, dozi milioni 1.7 za AstraZeneca, zilifika Kinshasa tarehe 2 Machi 2021. Kabla ya kuanza, serkali ikasimama, sababu nchi za Ulaya zilikuwa zimeona damu ya watu fulani ikigandana baada ya sindano. Hatari ile ilikuwa kweli, lakini ndogo: kama watu kumi hivi katika kila milioni. Kazi ikaanza tarehe 19 Aprili. Watu walikuja wachache mno, hata serkali ikarudisha dozi kama milioni 1.3 zigawiwe nchi zingine zisije kuharibika. Prezidenti mwenyewe hakudungwa mpaka Septemba, na alidungwa chanjo nyingine. Mwisho wa mwaka 2021, hata mtu mmoja kati ya mia katika Kongo hakuwa amemaliza chanjo.

Eklezya ilisema nini? Tarehe 21 Desemba 2020, Kongregasio ya Mafundisho ya Imani, kama ilivyoitwa siku zile, ilitoa maelezo mafupi yaliyokubaliwa na Papa Fransisko. Wengi wetu tulisikia sentensi moja tu ya maelezo yale, kila mtu ile aliyoipenda. Tuyachukue yote.

Mashaka ya kwanza ni ya asili ya chanjo. Katika miaka ya 1970, huko Uholanzi, wenye elimu walichukua seli za mtoto ambaye, kama inavyozaniwa, alitolewa mimba. Seli zile zimeongezeka katika maabara mpaka leo, na zilitumiwa katika kutengeneza AstraZeneca. Hakuna mtoto mwingine anayeuawa kwa ajili ya kila chanjo. Roma ilijibu hivi: pasipo chanjo nyingine isiyo na lawama, mkristu anaweza kuipokea hii bila zambi, sababu yeye yuko mbali sana na tendo lile baya, wala kuipokea si kulisifu. Wakati huo huo wenye kutengeneza dawa wanadaiwa kutafuta njia safi. Moralia tuliyofundishwa seminarini juu ya kushiriki tendo la mwingine inatosha hapa. Anayeifahamu hatapata shida kumweleza katekista.

Neno la pili: chanjo, kwa kawaida, si wajibu wa lazima wa zamiri, na kwa hiyo iwe ya hiari. Wenye kukataa walilishangilia neno hili. Lakini maelezo hayakuishia hapo. Anayekataa kwa zamiri yake anadaiwa kufanya yote awezayo ili asiwapelekee wengine ugonjwa, zaidi wale wazaifu. Kwa hiyo mtu aliyekataa chanjo, akakataa pia barakoa, akaingia kumsalimia mgonjwa huku anakohoa, hakutumia uhuru wa zamiri. Alitumia jina lake tu.

Labda mtu atauliza: na kama zamiri inakosea? Mtakatifu Thoma anafundisha kwamba zamiri inayokosea inamfunga mtu, lakini haimwondolei kosa ikiwa alikataa kujifunza alipoweza. Hapa ndipo kazi yetu ilipo. Mama wa kijiji aliyesikia uvumi tu, wala hakupata munganga wa kumweleza, hana kosa. Msomi anayechagua uvumi na kukimbia maelezo ana hesabu nyingine. Na padri aliyenyamaza, ao aliyehubiri juu ya shetani katika sindano bila kuuliza munganga hata mmoja, tumwache aitafute hesabu yake mwenyewe.

Tusiseme mambo haya yamepita. Shirika la Afya la Dunia lilimaliza hali ya hatari ya Korona tarehe 5 Mei 2023, na mwaka ule ule, mwezi wa Septemba, namna mpya ya mpox ilitokea karibu nasi, Kamituga, katika machimbo ya zahabu. Chanjo zake zilifika Kinshasa Septemba 2024, na maswali yalifika pamoja nazo: mbona wanatupatia bure? Mbona watu wazima kwanza, na watoto wanaugua? Safari hii tulikuwa na jibu moja zuri. Wazee wetu wengi wana alama mkononi, kovu la chanjo ya ndui iliyotolewa kabla ya 1980. Chanjo ile, iliyomaliza ndui duniani, inamkinga mtu kwa sehemu na mpox pia. Mwambie bibi akunje mkono wa nguo yake mbele ya wajukuu, kisha umwache aseme yeye.

Katekista yule tulimtafuta, tukamweleza yote haya. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali ambalo hatukulitazamia: « Sawa, Padri. Mtu mzima anachagua. Na mtoto wa miezi tisa, nani anamchagulia surua? » Tulikumbuka wale 6000. Tulimjibu kwamba uhuru tuliousema ni wa mtu juu ya mwili wake mwenyewe, bali mzazi juu ya mtoto ana ulinzi, na mlinzi anadaiwa. Chanjo ya surua imejulikana tangu miaka ya 1960. Akasema ana mama watatu katika jumuiya yake ambao hawakupeleka watoto, na kwamba atawapitia siku ya Jumatatu kabla hawajaenda sokoni. Tulipatana twende pamoja.