Nani Anachagua, Nani Anapangiwa

Tabora ni mji wa njiani. Misafara ya pembe kati ya Bagamoyo na Ujiji iliwakutanisha hapa Wanyamwezi, Wamanyema na Waarabu, na treni ilipofika mwaka 1912 maduka ya Wahindi yakaongezeka. Sokoni wote walipatana bei kwa Kiswahili. Darasani, chini ya Mwingereza, walitenganishwa: shule za Wazungu mbali, za Waasia mbali, za Waafrika mbali. Hata shule ya serikali ya hapa Tabora, aliyoingia Julius Nyerere mwaka 1937, ilianzishwa miaka ya 1920 hasa kwa ajili ya watoto wa machifu.

Ubaguzi huo ulifutwa kisheria kuanzia Januari 1962. Ila zile zilizokuwa shule za Wazungu na Waasia zilimpokea mtoto yeyote mradi ajue lugha ya kufundishia na karo ilipwe. Rangi iliondoka kizingitini. Kiingereza na fedha vikabaki.

Kuruhusu tu hakuchanganyi watoto. Kule Marekani, wilaya ya New Kent, Virginia, iliwaachia wazazi wajichagulie shule. Miaka mitatu ikapita bila hata mtoto mmoja wa Kizungu kwenda shule ya weusi, na asilimia 85 ya watoto weusi wakawa wangali palepale. Mwaka 1968 Mahakama ya Juu ikakataa kuuita mpango huo utekelezaji wa amri ya kukomesha ubaguzi shuleni.

Kwetu, kilichochanganya watoto ni kutochagua. Shule za misheni zilipotwaliwa na serikali mwishoni mwa miaka ya 1960, jina lilisomwa kwenye orodha, nawe ukabeba sanduku la bati: Mhaya kwenda Songea, Mmakonde kuja Tabora. Mpaka leo twasema mwanafunzi "amechaguliwa". Sijamsikia anayesema amechagua. Walichanganyika zaidi makabila na dini kuliko rangi, maana familia nyingi za Kihindi zilihama nchi baada ya majengo kutaifishwa mwaka 1971.

Tabora Wavulana na Tabora Wasichana, kama shule za vipaji maalumu, bado hupokea watoto wa mikoa yote. Wengine wengi husoma shule ya kata, na jirani wa nyumbani ndiye jirani wa dawati. Mwenye uwezo ndiye anayechagua: asubuhi basi la njano humfuata mwanawe mlangoni na kumpeleka mchepuo wa Kiingereza, huku mtoto wa mpangaji wa uani akitembea kwa miguu, ufagio wa zamu mkononi.