Neno la Jua, kutoka Masisi hadi Walikale

Huko Masisi, mashariki mwa Kongo, msemaji wa Kinyarwanda akitaja izuba, jirani yake wa Kiswahili husema jua. Anayesikiliza kwa haraka atadhani ni maneno mawili yasiyohusiana. Wanaisimu wanasema ni neno moja, na ushahidi wao anaweza kuupima mtu yeyote anayezifahamu lugha hizo mbili.

Anza na z. Izina la Kinyarwanda ni jina kwa Kiswahili. Iziko ni jiko. Kisha tazama b: abantu ni watu, babiri ni wawili. Penye z pana j, penye b pana w. Zipitishe kanuni hizo juu ya izuba, uiache ile i ya mwanzo, utapata juwa, na ndivyo wengi walivyokuwa wakiandika zamani. Baada ya u, hiyo w haisikiki sana, basi ikaachwa. Mabadiliko haya hayakupangwa na mfalme wala mwalimu, lakini yalifuata utaratibu, na kwangu hilo ndilo ajabu kubwa la isimu.

Waganda husema enjuba, Washona zuva, Wachewa dzuwa. Tangu mwanaisimu Carl Meinhof alipochapisha kazi yake ya sauti za lugha za Kibantu mwaka 1899, ulinganishi wa namna hii umewafikisha wataalamu kwenye shina la kale linalokaribia -juba, la watu walioanza kusambaa kutoka eneo la mpaka wa Kameruni na Nigeria ya leo zaidi ya miaka 4,000 iliyopita.

Wapo wanaoamini kwamba jua limetokana na kujua, kwa kuwa mwanga hufichua mambo. Fikra hiyo inapendeza, ila Wachewa wanaikanusha: kwao jua ni dzuwa, kujua ni kudziwa. Washona nao wana zuva na kuziva. Vokali zilikuwa mbali tangu zamani. Kiswahili ndicho kilichozikutanisha.

Ukishuka kutoka milima ya Masisi kuingia msitu wa Walikale, nchi ya Wanyanga, mambo hubadilika. Mwaka 1956 msimulizi She-Karisi Rureke alisimulia habari za shujaa Mwindo, zikanakiliwa na Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene, Mnyanga mwenyewe, na kuchapishwa mwaka 1969. Mwindo anamuua joka Kirimu, rafiki wa Nkuba, yaani Radi. Nkuba anampandisha mbinguni aadhibiwe, na huko anapigwa na mvua, kisha anachomwa na Jua hadi koo linamkauka. Jua hilo ni mhusika mwenye jina lake, Kentse.

Kanuni zilizotufikisha kutoka izuba hadi jua haziwezi kulizaa Kentse. Asili yake itatafutwa kwingine, na pa kuanzia ni Kinyanga chenyewe, kwa wazee wanaozijua bado hadithi hizo.