Kuteremka Mto Tana hata Kipini

Mtu atakaye kuijua nchi iliyo chini ya Garsen asiipite mbio kwa motokaa; afadhali ateremke Mto Tana kwa mtumbwi, polepole, kwa pondo na kafi. Kandokando ataona miembe, migomba na mashamba ya mpunga. Na majini wamo viboko na mamba, ambao kila mpiga kafi huwapa heshima yao.

Mto huu, mrefu kuliko yote ya Kenya, huanzia Nyandarua na Mlima Kenya, ukachukua udongo wa huko hata pwani. Udongo huo ndio mbolea ya Wapokomo, ambao hupanda mafuriko yakiisha kupungua. Waorma nao huleta ng'ombe wao wakati wa kiangazi, wakipita njia za kwendea majini ziitwazo malka.

Nchi hii ina mambo mengi ya kale. Huko Golbanti, mwaka 1886, mmisionari wa Kimethodisti John Houghton na mkewe waliuawa katika shambulio la Wamasai. Mwaka 1887 wamisionari wa Kijerumani walianza kazi Ngao. Karibu na pwani, katika karne ya 19, watu walichimba mfereji wa Belezoni ili mitumbwi ipite toka Tana hata Mto Ozi. Maji yakaupanua, na leo Tana huingia baharini hapo Kipini, kwa mlango uliokuwa wa Ozi. Majembe yaliyofungua njia ya mitumbwi yalihamisha mto mzima!

Basi kila atendaye jambo mtoni hugusa maisha ya wengine. Kati ya 1968 na 1988 mabwawa matano ya umeme yalijengwa huko juu, yakapunguza mafuriko ya kawaida yaliyolowesha mashamba na malisho. Mkulima na mfugaji hukutana penye maji yale yale. Kati ya Garsen na Kipini kipo kijiji cha Kilelengwani. Mwezi wa Septemba 2012, katika mapigano ya mwaka ule, kilishambuliwa, wakafa watu zaidi ya 30, askari polisi miongoni mwao.

Wazee wa pande zote mbili na wakae pamoja kabla ya kupanda, waonyeshane mipaka ya shamba na njia ya malka. Shamba likizibwa njia, ng'ombe hawatakufa kiu wakitazama maji, watapita shambani.