Hodi kwa Wanablogu

Kati ya mwaka 2005 na 2010 hivi, kusoma blogu Tanzania ilikuwa kazi ya miguu. Hakuna kilichokufuata ulipo. Uliingia intaneti kafe ukalipia muda wako, au ulingoja bosi atoke ofisini, ukaandika anwani herufi kwa herufi, kisha ukasubiri picha ishuke polepole kutoka paji la uso wa mtu hadi viatu vyake. Mkongo wa intaneti wa SEACOM ulifika Dar es Salaam mwaka 2009. Kabla ya hapo tulitegemea setilaiti, na setilaiti haikuwa na haraka na mtu. Aliyesumbuka kiasi hicho kufika kwa mwenzake hakuondoka bila kuaga. Aliacha neno: nimepita kukusalimu, hongera kwa kibaraza kipya, nawe karibu kwangu. Kutembeleana ndiko kulikokuwa msingi wa ujirani huu, na aliyetembelewa mara tatu bila yeye kurudisha ziara alisemwa.

Ujirani wenyewe ulianza na watu wachache. Ndesanjo Macha alifungua blogu ya Jikomboe mwaka 2004, akaandika kwa Kiswahili wakati ambapo Waafrika wengi wenye blogu waliandika Kiingereza, na akawasumbua wenzake mpaka nao wakafungua za kwao. Mmoja wao alikuwa Muhidin Issa Michuzi, mpiga picha wa Daily News. Walikutana Helsinki, Finland, Septemba 2005, kwenye mkutano ambao leo hakuna anayeukumbuka kwa sababu nyingine, na hapohapo blogu ya Michuzi ikazaliwa. Jikomboe ilikuwa na hoja nzito za ukombozi wa Mwafrika. Michuzi alileta picha na maneno mawili matatu ya utani. Atakayeandika historia ya fikra aanze na Ndesanjo, lakini desturi ninazozisimulia hapa nyingi zilikomaa kwa Michuzi.

Kwake msomaji aliitwa mdau, naye mwenye nyumba akaitwa Ankal. Kublogu kulikuwa kuendeleza libeneke. Aliyehitimu chuo alikuwa amelamba nondo. Marekani ilikuwa Unyamwezini, Uingereza ikawa Ukerewe, na mgeni asiyeyajua haya alijulikana kwa sentensi yake ya kwanza tu. Yaliyosomwa kila siku hayakuwa habari kwa maana ya gazeti. Ilikuwa harusi ya Sinza, pasi ya kusafiria iliyookotwa, mtu anayemtafuta mwanafunzi mwenzake waliyepoteana naye, timu ya Watanzania wa ughaibuni imeshinda bonanza. Na tanzia. Mtanzania akifariki ng'ambo, tangazo liliwekwa na jina la marehemu, ukoo wake, mahali watu wanapokutania, na namba ya akaunti ya michango ya kusafirisha mwili. Chini yake wadau waliandika pole kwa mstari mmojammoja, wengi wakiwa hawakumjua marehemu. Nimewahi kusikia wasomi wakiiita blogu ile ya mambo mepesi. Sijui ni wepesi gani huo unaorudisha maiti nyumbani.

Ila raha yenyewe ilikuwa chini, kwenye maoni. Kuna wasomaji walioipita picha bila kuitazama, wakashuka moja kwa moja kuona watu wamesema nini. Wengi waliandika bila jina, wakasaini kwa mahali tu: mdau wa Mbeya, mdau wa Ukerewe. Kila oni lilipitia kwa mwenye blogu kabla ya kuonekana, ndiyo maana maoni mengi yalianza kwa ombi: Ankal, hii usiibanie. Akibania, mdau alirudi na oni la pili kulalamikia kubaniwa la kwanza, na hilo mara nyingi liliachiwa lipite.

Kutojulikana kulivunja utaratibu tuliolelewa nao. Barazani kijana husubiri wazee wamalize. Hapa karani wa wizara alimpinga waziri hadharani saa nne asubuhi, kwa kompyuta ya wizara hiyohiyo, na aliyemjibu hakujua kama anabishana na profesa au kidato cha nne. Nililipenda hilo, na bado nalipenda. Lakini walioumia walijulikana ni nani: wanawake. Bibi harusi aliwekwa kwa nia njema kabisa, na kabla ya adhuhuri watu wasio na majina walikuwa wamekwisha kuupima mwili wake, rangi yake na bei ya gauni lake. Mbanio haukutosha, na pengine hakukuwa na bidii ya kuutumia.

Kila blogu ilikuwa na orodha pembeni ya blogu rafiki. Ungeanzia kwa Michuzi, ukashuka kwa Maggid Mjengwa kusoma makala zake za Neno la Leo na kutazama picha zake za vijijini, ukaishia kwa mtu usiyemjua anayeandika mashairi. Jina likiondolewa kwenye orodha, kulikuwa na ugomvi. Ugomvi mwingine ulikuwa wa kunakili: picha ileile ilionekana blogu sita kwa siku moja, jina la mpigaji limekatwa. Ndipo kila mtu akaanza kupiga muhuri wa jina lake katikati ya picha, hata juu ya uso wa rais.

Mwaka 2018 zikaja Kanuni za Maudhui Mtandaoni. Mwenye blogu alitakiwa kulipa shilingi 100,000 za maombi, 1,000,000 za leseni, na 1,000,000 nyingine kila mwaka. Asiyejisajili alikabiliwa na faini isiyopungua milioni tano au kifungo kisichopungua miezi 12. Kwa mwalimu wa Songea anayeandika hadithi jioni bila kuingiza senti, hilo lilitosha kufunga mlango, na wengi walifunga. Naona sheria ile ilimtendea anayeandika kwa kujifurahisha kama mwenye kituo cha redio. Hata hivyo, ilipofika, wageni walikuwa wameshapungua. Simu ilikuwa imeanza kuwaletea kila kitu mkononi, na anayeletewa haamki kwenda kwa mtu.

Desturi zenyewe zilipata makazi mapya. Tanzia na michango vilihamia kwenye makundi ya WhatsApp, harusi zikaenda Instagram, na mijadala ya siasa ilikuwa imekwisha kuzoea jukwaa la JamiiForums. Kilichokosa pa kuhamia ni ubishi wa mtu wa Mbagala na mtu wa Minnesota, wasiojuana, chini ya picha ya foleni ya Ubungo, kila mmoja akimwambia mwenzake haijui Bongo. Kundi la WhatsApp huwa na wanaojuana, na atakayebisha sana hutolewa na admini.