Kutoka Alexandria hadi Remera: Jinsi sarafu za kale zinavyosimulia nasaba za wafalme

Msafiri anayeshuka katika uwanja wa ndege wa Kigali na kuelekea katikati ya jiji hupita Remera, mtaa wenye shughuli nyingi katika wilaya ya Gasabo, ulipo uwanja wa michezo wa Amahoro. Kabla hajanunua chochote hulazimika kubadilisha dola, yuro au shilingi zake ili apate faranga za Rwanda. Akipewa chenji ya sarafu na kuzitazama kwa makini, atakuta picha za mazao ya shambani na nembo ya taifa. Hatakuta uso wa mfalme, ingawa nchi hii ilitawaliwa na wafalme kwa karne nyingi.

Takriban miaka 2,300 iliyopita, mfanyabiashara aliyeshuka katika bandari ya Alexandria nchini Misri alikutana na sharti kama hilo. Fedha za kigeni hazikuruhusiwa kutumika sokoni. Zilipaswa kukabidhiwa, kuyeyushwa na kufuliwa upya zikiwa na sura ya ukoo uliotawala. Barua iliyoandikwa kwenye mafunjo mwaka 258 kabla ya Kristo (KK) na Demetrius, aliyesimamia ufuaji wa sarafu, kwenda kwa Apollonius, waziri wa fedha wa Mfalme Ptolemy wa Pili, ingalipo hadi leo. Ndani yake Demetrius anaeleza malalamiko ya wageni ambao dhahabu yao ilikuwa imekaa bure bila kubadilishwa.

Watu wanaokusanya sarafu za Kigiriki hivi leo hutafuta ushahidi wa aina hiyo: kipande cha madini kinachotosha kiganjani, lakini chenye habari za dola, biashara na ukoo wa kifalme.

Uso wa mfalme waingia mfukoni

Sarafu za mwanzo kabisa za upande wa magharibi zilitengenezwa Lydia, katika eneo ambalo sasa ni magharibi mwa Uturuki, kwenye karne ya 7 KK. Miji ya Wagiriki iliiga haraka. Fundi alikipasha moto kipande cha fedha, akakiweka juu ya muhuri uliokazwa kwenye fuawe, akashikilia muhuri wa pili juu yake, kisha akagonga kwa nyundo. Kwa sababu kila pigo lilitolewa kwa mkono, hakuna sarafu mbili zinazofanana kabisa.

Kwa muda mrefu Wagiriki waliweka juu ya sarafu zao miungu, wanyama na alama za miji. Alexander Mkuu alitumia kichwa cha Herakles aliyevaa ngozi ya simba upande mmoja, na Zeus aliyeketi upande wa pili. Alipofariki mwaka 323 KK, majemadari wake waligawana milki, na hapo mambo yakabadilika. Ptolemy, aliyeichukua Misri na kujitangaza mfalme, alikuwa miongoni mwa watawala wa kwanza wa Kigiriki kuweka uso wake mwenyewe kwenye sarafu akiwa hai.

Uamuzi huo ulikuwa wa kisiasa. Ptolemy hakuwa mwana wa Alexander na hakuwa na haki ya kurithi kiti cha enzi. Sarafu ilimpa alichokosa kwa damu, kwa kuwa kila aliyepokea mshahara au kulipa kodi alimshika mfalme mkononi. Warithi wake, waliokuwa wakipokezana jina lilelile la Ptolemy, waliendelea kwa zaidi ya karne mbili kutumia sura ya mwasisi huyo kwenye fedha zao, hadi ukoo ulipofikia kikomo kwa Cleopatra wa Saba.

Ptolemy pia alipunguza uzito. Sarafu ya drakma nne, ambayo kwingineko katika ulimwengu wa Kigiriki ilikuwa na takriban gramu 17, nchini Misri ilishuka hadi gramu 14 na ushei. Aliyebadilisha sarafu nzito kwa nyepesi alipoteza fedha, na tofauti iliingia katika hazina ya mfalme.

Wafalme waliofufuliwa na sarafu

Thamani kubwa ya sarafu huonekana pale vitabu vinaponyamaza. Huko Bactria, katika sehemu za Afghanistan ya leo na nchi jirani, walitawala wafalme wa Kigiriki zaidi ya 30. Waandishi wa kale waliwataja wachache tu. Waliosalia wanajulikana kwa sababu majina na nyuso zao zimechongwa kwenye sarafu.

Hali hiyo inaihusu Afrika pia. Ufalme wa Aksum, uliokuwa na makao yake kaskazini mwa Ethiopia na Eritrea, ulianza kutoa sarafu za dhahabu na fedha katika karne ya 3, wakati wa Mfalme Endubis. Maandishi yake yalikuwa ya Kigiriki, lugha ya biashara ya Bahari ya Shamu wakati huo. Mfalme huonekana akiwa katikati ya mashuke mawili ya nafaka. Ezana alipoukubali Ukristo katika karne ya 4, alama ya mwezi mwandamo na duara iliyokuwa juu ya kichwa cha mfalme iliondolewa, na msalaba ukachukua nafasi yake. Badiliko la dini ya taifa zima lasomeka kwenye kipande kisichozidi ukubwa wa kifungo. Kadhalika, wapo wafalme wa Aksum ambao wasingejulikana kamwe lau si sarafu zao.

Kigiriki kiliacha alama hata katika maneno. Drakma ya Wagiriki ndiyo iliyozaa dirhamu ya Waarabu, neno lililovuka bahari hadi pwani ya Afrika Mashariki.

Funzo kutoka Pemba

Katika pwani hiyo, masultani wa Kilwa walifua sarafu zao wenyewe karne nyingi kabla ya Wareno kufika. Zile za Ali bin al-Hasan zina jambo la kuvutia: upande mmoja una jina lake, upande wa pili una maneno ya kumtumainia Mola mwenye fadhila, na pande hizo mbili hufungana kwa vina kama mishororo ya ubeti.

Kwa miaka mingi wataalamu walibishana kuhusu wakati alioishi sultani huyo. Sarafu zake hazina tarehe, na maoni yaliyopewa uzito yalimweka karibu na mwaka 1200. Ndipo mwaka 1984, huko Mtambwe Mkuu kisiwani Pemba, ilipopatikana hazina ya sarafu zaidi ya 2,000, nyingi zikiwa ndogo mno za fedha zenye majina ya watawala wa hapa pwani. Pamoja nazo zilikuwamo dinari chache za dhahabu kutoka ng'ambo zilizoandikwa mwaka, na iliyo changa kuliko zote ni ya mwaka 1066. Kwa kuwa zilizikwa pamoja, dinari hizo zilizitolea ushahidi zile zisizo na tarehe. Ali bin al-Hasan akarudishwa nyuma hadi karne ya 11, na historia ya dola za Waswahili ikarefuka kwa zaidi ya miaka 100.

Laiti hazina hiyo ingechimbwa usiku na kuuzwa moja moja, kila mnunuzi angepata kipande kizuri cha fedha, na swali la tarehe lingebaki bila jibu. Sarafu ya shaba ya sultani mwingine wa Kilwa, al-Hasan bin Sulaiman, ambaye Ibn Battuta alimtembelea mwaka 1331, ilipatikana Great Zimbabwe. Thamani yake sokoni ni ndogo, lakini mahali ilipookotwa panathibitisha uhusiano wa Kilwa na nchi ya dhahabu iliyo mbali na bahari.

Ufalme uliotawala bila sarafu

Rwanda ilichukua njia nyingine. Wafalme wa ukoo wa Abanyiginya hawakufua sarafu. Alama ya mamlaka yao ilikuwa ngoma, na iliyotukuka kuliko zote iliitwa Kalinga. Mali ilihesabiwa kwa ng'ombe, na biashara ilifanywa kwa majembe, shanga na, katika eneo la Ziwa Kivu, kwa bangili za nyuzi zilizoitwa butega.

Hata hivyo, kuna jambo linalofanana na mambo ya Alexandria. Wafalme wa Rwanda walipokezana majina ya kiti cha enzi kwa mzunguko: Mutara au Cyirima, Kigeli, Mibambwe na Yuhi, kila jina likiwa na wajibu wake. Kumbukumbu za mfuatano huo zilitunzwa vichwani mwa abiru, walinzi wa siri za ufalme, wakati zile za akina Ptolemy zilitunzwa katika fedha na shaba.

Sarafu zilifika na wakoloni. Wajerumani walileta rupia yenye sura ya Kaisari Wilhelm wa Pili, na kuanzia mwaka 1904 rupia moja ikagawanywa katika heller 100. Neno hilo ndilo lililozaa "hela" ya Kiswahili na "amahera" ya Kirundi. Mwaka 1916, wakizingirwa vitani, Wajerumani walifua katika karakana ya reli ya Tabora sarafu ya dhahabu ya rupia 15 yenye picha ya tembo, ambayo leo hutafutwa sana na wakusanyaji.

Ulipokaribia uhuru, sarafu ya faranga moja ya Rwanda na Burundi ilibeba picha ya simba. Mwaka 1962 Burundi ilitoa sarafu za dhahabu zenye sura ya Mfalme Mwambutsa wa Nne. Rwanda ilikuwa tayari imeuondoa ufalme, na sarafu zake za mwaka 1964 ziliwekwa uso wa Rais Grégoire Kayibanda. Nazo zilipita, na nafasi ya watawala ikachukuliwa na mazao.

Mkusanyaji anapaswa kuuliza nini?

Umaarufu wa sarafu za kale umezaa pia uhalifu. Oktoba 2020, sarafu ya dhahabu ya Brutus, inayoadhimisha kuuawa kwa Julius Caesar mwaka 44 KK, ilinadiwa London kwa takriban dola milioni 4.2 za Marekani. Baadaye waendesha mashtaka wa New York walieleza kuwa historia ya umiliki wake ilighushiwa, na Machi 2023 ikarejeshwa Ugiriki.

Kwa hiyo swali la kwanza la mkusanyaji mwaminifu huhusu ilikotoka sarafu, ilichimbwa wapi, na kama kuna hati zinazoonyesha iliondoka nchini kihalali. Swali la pili ni kama ni halisi. Bandia nyingi humiminwa katika kalibu badala ya kugongwa. Mshono hafifu ukingoni, vitundu vya hewa usoni na uzito usiolingana ni miongoni mwa dalili zake.

Kwa familia yenye hela za Kijerumani au faranga za kikoloni ndani ya kopo la bibi, hatua ya kwanza ni kutozisugua. Utando wa rangi uliojijenga juu ya shaba huikinga sarafu, na ukiondolewa haurudi. Ya pili ni kuandika nani alizihifadhi, wapi na tangu lini. Anayezikuta ardhini anashauriwa kuziacha zilivyo na kuitaarifu mamlaka ya makumbusho au ya mambo ya kale ya nchi yake.

Huko Remera, abiria wengi wa pikipiki na wateja wa maduka sasa hulipa kwa simu, na sarafu zimepungua mikononi. Malipo ya simu hayazami udongoni wala hayaokotwi na mkulima baada ya karne kumi. Huenda sarafu ya faranga kumi inayosahauliwa leo kwenye mfuko wa suruali, yenye mgomba badala ya mfalme, ikawa ndiyo itakayowaeleza watafiti wa kesho Wanyarwanda wa zama hizi walitaka kujulikana kwa lipi.