Unaenda Diani na mbwa? Uliza kwanza, ndio ulipe

Likizo ya Disemba ikikaribia, wengi wetu hukodi nyumba Diani au Watamu kwa simu. Kama unaenda na mbwa, usitume pesa kabla hujauliza: anaruhusiwa? Kuna malipo ya ziada? Tukikataliwa langoni, tunarudishiwa pesa? Omba jibu kwa ujumbe, si kwa mdomo tu. Huo ndio ushahidi wako.

Wakati wa kulipa, soma jina linalotokea kabla ya kuthibitisha malipo. Kama silo ulilopewa, simama hapo hapo. Pesa ikishamfikia tapeli, kuirudisha ni kazi.

Panga matembezi pia. Hifadhi za wanyama za KWS haziruhusu mbwa, kwa hivyo usilipie Shimba Hills ukitarajia kuingia naye. Ufuoni mpeleke asubuhi au jioni, maana mchanga wa saa saba mchana huchoma nyayo. Mfunge kamba: wenyeji wengi wa Pwani ni Waislamu, na mate ya mbwa kwao ni najisi. Na usisahau cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa.

Safari njema!